Uliza Ujibiwe: Kalsiamu ndani ya punje inayoota

Nimesoma kwamba kalsiamu ndiyo inayoiamuru mbegu ya nafaka iote. Mbona basi ngano huota hata kwenye maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini yoyote?

Amri haitoki kwa kalsiamu, inatoka kwa homoni. Punje ikishanyonya maji, kiinitete hutoa jiberelini, nayo husambaa hadi kwenye aleuroni, yaani utando wa seli hai unaoizunguka akiba ya wanga. Kwenye shayiri utando huo una unene wa seli tatu hivi, kwenye ngano na mahindi ni seli moja tu. Seli ya aleuroni iliyotulia huwa na kalsiamu huru kidogo mno kwenye saitoplazimu yake, nanomola 100 hadi 200 hivi kwa lita (nanomola ni sehemu ya milioni ya milimola). Jiberelini hukipandisha kiwango hicho, ilhali asidi ya absisi, homoni inayoilaza mbegu, hukishusha. Protini kama kalmodulini huyapokea mabadiliko hayo, na seli huanza kumwaga vimeng'enya kwenye wanga.

Kalsiamu ina kazi ya pili ambayo wengi huichanganya na hiyo ya kwanza. Alfa-amilesi, kimeng'enya kikuu kinachovunja wanga, hubeba kalsiamu ndani ya umbo lake. Ikikosa kalsiamu hulegea, na vimeng'enya vya kuvunja protini huimaliza upesi. Kwa hiyo ishara inahesabiwa kwa nanomola, lakini alfa-amilesi inayomwagwa nje ya seli inahitaji kalsiamu ya milimola kadhaa ili idumu. Punje nzima haishindwi na maji matupu kwa sababu ina akiba yake, sehemu kubwa ikiwa imefungwa kwenye fitini, chumvi ambamo mbegu huhifadhi fosforasi, ndani ya aleuroni.

Tulikata punje za shayiri, tukatupa upande wenye kiinitete, tukazilaza nusu zilizobaki kwenye aga (jeli ya maabara) yenye wanga, jiberelini, kalsiamu kloridi ya milimola 10 na bafa ya fosfeti, kemikali ya kuituliza pH, ya pH 7. Aga ilikuwa na weupe kama wa maziwa tangu mwanzo. Baada ya siku mbili tulimwagia iodini, sahani nzima ikawa bluu-nyeusi bila duara hata moja lisilo na rangi, la kuonyesha kwamba wanga umevunjwa. Tulikosea wapi?

Weupe huo ndio jibu lenu. Fosfeti imeikamata kalsiamu na kuigeuza kalsiamu fosfeti isiyoyeyuka, kwa hiyo nusu-punje zenu zimekaa siku mbili karibu bila kalsiamu ya kutumia. Aleuroni ya namna hiyo inaweza kuwasha jeni za amilesi ikaishia hapo, maana hatua inayodai kalsiamu hasa ni ya kukitoa kimeng'enya nje. Hata pH 7 haifai. Aleuroni yenyewe hutia asidi kwenye wanga unaoizunguka, na amilesi ya shayiri hufanya kazi vizuri kwenye pH 5 hadi 6.

Rudieni kwa bafa ya suksineti ya milimola 20, pH 5.2. Msikimbilie sitreti, kwa kuwa nayo huishika kalsiamu. Kwa lita moja wekeni aga gramu 12, wanga gramu 2, na kalsiamu kloridi gramu 1.11 ikiwa ni kavu kabisa, au gramu 1.47 ikiwa ni ile yenye maji mawili (CaCl₂·2H₂O); someni lebo kabla ya kupima. Jiberelini ya mikromola 1 ni miligramu 0.35 tu. Iyeyusheni kwanza kwenye matone ya ethanoli, kwani kwenye maji huyeyuka kwa shida.

Nusu-punje zikae dakika 20 kwenye hipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 1, zisuuzwe mara tano kwa maji safi yaliyochemshwa, kisha zilale siku mbili hadi tatu kwenye karatasi ya chujio iliyolowa. Usafi huu ni wa lazima kweli, maana bakteria wana amilesi yao na watawachorea maduara ya uongo. Zilazeni upande uliokatwa ukigusa aga, kwa saa 48 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi.

Wekeni pia sahani isiyo na jiberelini, nyingine isiyo na kalsiamu, na ya tatu yenye EGTA, kemikali inayoishika kalsiamu. Sahani isiyo na kalsiamu ikionyesha duara dogo msishtuke: aga ya kawaida ina kalsiamu kidogo ndani yake.

Nataka kuloweka mbegu za mpunga kwenye kalsiamu kloridi kabla ya kupanda. Kipimo ni kipi?

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 2.2: gramu 22 za ile kavu kwa lita, au gramu 29 za ile yenye maji mawili. Iacheni ipoe kwanza, kwa sababu hutoa joto ikiyeyuka. Tumia mililita 5 kwa kila gramu ya mbegu, pampu ndogo ikipuliza hewa muda wote, kwa saa 24 hadi 36. Suuza, anika kivulini mpaka uzito urudi ulivyokuwa, na upande mapema, maana mbegu hizi hazitunziki kama zile za kawaida. Mzizi ukishachomoza usikaushe: mche utakufa. Faida yake ni kuota upesi na kwa pamoja. Mbegu iliyokufa haifufuki, na iliyo usingizini huenda isiamke.

Je, chokaa au jasi inaweza kuchukua nafasi yake?

Chokaa iliyozimwa, hapana. Maji yake hufika pH 12 na huunguza kiinitete. Jasi haiunguzi, lakini huyeyuka gramu 2.4 hivi tu kwa lita, sawa na milimola 14. Inatosha kuilisha amilesi, ila haina nguvu ya kuyazuia maji yasiingie kwenye mbegu kwa kasi kama ifanyavyo kalsiamu kloridi ya asilimia 2.2, kwa hiyo ukiacha saa 36 utakuta mizizi tayari.