Kabla hujawasamehe, waulize: maneno kwa afisa maendeleo ya jamii anayeanza kazi

Siku utakayoripoti kwenye kata yako ya kwanza utakuwa na barua ya ajira mkononi, na kichwani maneno mazuri uliyotoka nayo chuoni: utu, ubuntu, ujamaa, mtu ni watu. Huenda unaikumbuka pia kauli ya John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui, aliyoiandika mwaka 1969, kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo. Usiyaache maneno hayo getini. Nimeifanya kazi hii miaka 14, sehemu kubwa milimani Upare, wilaya ya Same, na hadi leo nayategemea kuliko mwongozo wowote ulioletwa na gari la halmashauri. Lakini kuna swali nililochelewa kuliuliza, na natamani wewe uanze nalo: hao "sisi" ni akina nani, na mtu huingiaje humo?

Jibu nililipata kwenye ndiva.

Kwa ambaye hajafika Upare, ndiva ni bwawa la kuhifadhia maji ya umwagiliaji, ambalo wazee walilichimba kwenye mteremko wa mlima na kulikingia kwa udongo na mawe. Siku hizi mengine yamejengewa saruji. Usiku kucha maji ya kijito huelekezwa humo. Asubuhi bwawa hufunguliwa, maji yakashuka na mfereji hadi mashambani, shamba moja baada ya jingine, kwa zamu. Hakuna kaya inayoweza kuchimba ndiva peke yake, wala kuuzibua mfereji mrefu baada ya mvua kuujaza matope. Ndiyo maana kuna msaragambo. Siku hutangazwa, kila kaya hutoa mtu na jembe, na kazi hufanyika mpaka iishe. Aliyekuja huandikwa kwenye daftari. Ambaye hakuja hutozwa faini, na akikaidi, zamu yake ya maji hurukwa.

Nilipofika nililiona daftari lile kama orodha ya kazi tu. Kumbe ndilo lililokuwa linasema nani ni mwenzetu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya jambo ambalo nililionea fahari. Niliona wajane, wazee na watu wenye ulemavu wanahangaika na faini za msaragambo, wengine wanauza kuku ili walipe. Nikaandaa hoja, nikaenda nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nikasema hawa wasamehewe, utu wetu unadai hivyo. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, hakuna aliyenyanyua mkono, ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba wananchi wote wameafiki. Nilirudi nyumbani jioni ile nimeridhika.

Baada ya msimu mmoja nikapita mashambani. Kwa karibu wote tuliowasamehe, mahindi yalikuwa yamenyauka. Nikamtafuta mgawa maji, mzee mwenye heshima zake, nikamwuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hawa si tumewasamehe? Wanapata yakibaki." Na maji ya ndiva hayabaki. Hakuwa na roho mbaya mzee yule. Alikuwa anafuata kanuni iliyomlea, kwamba maji ni ya walioandikwa, na mimi ndiye niliyewafuta.

Mama mmoja mjane, aliyekuwa analea wajukuu wawili, aliniambia sentensi ambayo sijaisahau: "Mwanangu, mimi sikuomba nisamehewe. Niliomba siku ya kazi isiwe siku ya kliniki ya mtoto."

Mwalimu Nyerere alipoeleza ujamaa mwaka 1962 aliitumia methali tunayoijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaisoma kama onyo kwa mvivu. Mimi, baada ya ndiva, naisoma kutoka upande wa anayepewa. Ukimkabidhi mtu jembe umemwambia ugeni wake umekwisha, sasa yeye ni wa hapa, ana wajibu na ana sauti. Ukimnyima, hata kwa huruma, umemrudisha siku ya kwanza, ale, ashukuru, anyamaze. Katika jamii zetu anayesamehewa mchango husamehewa na maamuzi pia, na hakuna atakayekutamkia hilo waziwazi kwa sababu hakuna anayeliona kuwa ni kosa.

Kwa hiyo jambo ninalokusihi ni hili. Unapokutana na mtu aliyeachwa nje, usikimbilie kuuliza tumpe nini. Uliza kwanza ni jembe gani linalomfaa, na umwulize yeye mwenyewe. Tulipokaa na wale niliowafuta, mmoja mmoja, nyumbani kwao, hakuna hata mmoja aliyesema hawezi kitu. Yule mama alitaka kipande chake cha mfereji kipimwe kwa hatua, karibu na shamba lake, akifyeke na kukizibua kwa muda wake ndani ya wiki ileile. Kijana mwenye ualbino alisema kazi anaiweza, jua la saa sita ndilo linalomwumiza, apangiwe alfajiri. Mzee aliyekuwa haoni vizuri alisema wanawe wako mjini, wanaweza kutuma pesa ya mfuko wa saruji kwa jina lake, siyo kama faini bali kama mchango. Ona tofauti hiyo: pesa ni ileile, ila faini huandikwa kwenye ukurasa wa wakosaji na mchango huandikwa kwenye ukurasa wa wenyeji.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo macho yangu yalikuwa yameliruka mwaka mzima. Siku ya msaragambo kuna wanawake wanaoamka usiku kubandika makande, kusomba maji na kuni, ili wachimbaji wale. Hawakuandikwa popote. Daftari lilihesabu majembe, halikuhesabu sufuria. Mwanamke aliyepika tangu saa tisa usiku, kama kaya yake haikuleta mchimbaji, alitozwa faini kama aliyelala. Kulibadilisha hilo kulichukua mikutano mitatu na maneno makali. Waliopinga hawakuwa wanaume peke yao. Baadhi ya kina mama walisema kupika ni heshima yao, kusiandikwe kama kibarua. Mwishowe ilikubaliwa kwamba atakayepika ataandikiwa siku yake ya kazi, na atakayetaka kushika jembe badala ya mwiko asizuiwe.

Hapa nikuambie jambo ambalo vijana wengi wakifika hawalitarajii. Usidhani mila ya kushirikiana, kwa kuwa ni yetu, tayari inamkumbatia kila mtu. Nyerere mwenyewe hakudhani hivyo. Mwaka 1967, alipofafanua siasa ya ujamaa vijijini, alizisifu nguzo za maisha ya jadi, yaani kuheshimiana, mali ya pamoja na kila mtu kufanya kazi, kisha akakiri upungufu wa mambo mawili: umaskini, na hali ya mwanamke, ambaye alifanya kazi nyingi kuliko mwanamume na bado akawekwa chini yake. Kukiri huko nakushauri utembee nako. Siku mzee wa kijiji atakapokukatiza akisema "hiyo siyo mila yetu," unaweza kumjibu kwa adabu kwamba aliyeipenda mila hiyo kuliko sisi sote aliona pia palipopungua.

Historia ileile ina onyo la pili, zito zaidi. Mafundisho ya mwaka 1967 yalisisitiza hiari: kijiji cha ujamaa kiundwe na watu wanaotaka kuishi na kufanya kazi pamoja. Novemba 1973 hiari hiyo ikaondoka, ikatangazwa kwamba hadi kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini ni lazima. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Neno lilikuwa lilelile, ujamaa. Kilichobadilika ni kwamba watu hawakuulizwa tena. Utakutana na wazee wanaosinyaa uso kila wasikiapo afisa akitamka "kwa manufaa ya jamii." Usiwaone wakaidi. Kaa nao, wana sababu.

Wewe hutachoma nyumba ya mtu, najua. Lakini kuna njia ndogo ya kutouliza ambayo sisi maafisa tunaitumia kila robo mwaka, nayo ni ile sentensi ya kwenye muhtasari: wananchi wote wameafiki. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kiuhalisia ni wa waliopata taarifa, waliofika, waliokaa mbele na wasioogopa kusema mbele ya wakwe zao. Ukimya kwetu una maana nyingi. Unaweza kuwa heshima kwa mkubwa aliyekwisha kusema, au deni kwa mtu aliyeleta hoja. Pengine ni njaa ya saa nane mchana. Mara chache sana ni kukubali. Usiku wa kuamkia mkutano tembelea nyumba mbili tatu za watu ambao hawasemi, uwaeleze hoja, usikie neno lao, na uombe ruhusa ya kulifikisha bila kuwataja majina. Mkutanoni jifunze kuuliza "nani hayupo?" kabla ya kuuliza "nani ana swali?" Nilipoanza kuandika majina ya kaya ambazo hazikuwakilishwa, nikayalinganisha kutoka mkutano hadi mkutano, nilikuta ni zilezile. Orodha hiyo ilinifundisha kijiji kuliko takwimu zote nilizokabidhiwa.

Kuhusu sheria nisiseme sana, utazisoma. Zipo zinazokusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Zitumie, lakini ujue sheria inampa mtu kiti tu. Nimeshuhudia mjumbe mwanamke akikaa kwenye baraza miaka miwili, kazi yake ikiwa kuwaagizia wenzake chai. Alianza kusikilizwa siku alipopewa jukumu la kwenda kupima mpaka uliokuwa unagombaniwa na kurudi na maelezo ambayo wengine hawakuwa nayo. Jembe tena.

Nenda misibani. Naweza kuandika kurasa nzima juu ya hili, ila nitasema machache. Hakuna mahali utaona ramani ya jamii wazi kama pale: nani anachimba kaburi, nani anashika daftari la rambirambi, nani anapika, na nani amekaa pembeni bila kupangiwa chochote. Huyo wa mwisho mkumbuke. Asiyezika wenzake huogopa kwamba hatazikwa, na maskini wengi hukopa kwa ajili ya rambirambi kabla ya kukopa kwa ajili ya mbolea. Mimi nilipokuwa mgeni nililiona kama ujinga wa matumizi, nikawa nalihubiria. Ulikuwa ni ulinzi wa uanachama wao, wa pekee waliokuwa nao. Usilihubirie mpaka uwe na kitu kingine cha kuwalinda.

Halafu kuna wale ambao hata swali la "nani hayupo" haliwafikii, kwa sababu wako nje ya mpaka. Maji ya mlimani yanashuka tambarare, kwa wakulima wa chini na wafugaji, na umoja imara wa kijiji cha juu unaweza kuwa ndio ukame wa wa chini. Kwenye jambo hili sijafanikiwa vya kutosha. Jumuiya za watumia maji zilizo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinasaidia kuwakalisha pamoja, na ninayoyaona yakidumu ni makubaliano yaliyofikiwa pale watu wa chini walipokwea mlima wenyewe na majembe yao, wakasafisha mfereji wa juu bega kwa bega na wenyeji, kisha ndipo wakazungumzia maji ya usiku. Wale ambao walianza na barua ya malalamiko bado wanabishana.

Kwenye ndiva yetu, daftari sasa liko kwa kijana mmoja ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Alimaliza kidato cha nne, ana mwandiko mzuri, na mimi ndiye niliyekuwa nimemsamehe. Kitongoji kilimchagua baada ya yule mjane kumpendekeza. Msimu wake wa kwanza, mtoto wa mwenyekiti hakufika msaragambo mara mbili. Watu walingoja kuona. Kijana aliandika jina, akaandika faini, akalisoma mbele ya mkutano kwa sauti ileile aliyosomea majina mengine. Kimya kilipita kidogo. Kisha mwenyekiti akasimama, akatoa pesa mfukoni, akamfuata pale alipokaa, akahesabu mbele yake, akangoja kuandikiwa stakabadhi.