Waya hauungui katikati: shaba, alumini na koili za joto

Fungua sanduku la breka lililoanza kunuka plastiki, na mara nyingi waya wenyewe utaukuta mzima. Kilichoungua ni sentimita mbili za mwisho, pale unapoingia chini ya skrubu. Wateja wengi hudhani waya ulikuwa mwembamba, wananunua mnene zaidi, fundi anaukaza vilevile alivyokaza wa kwanza, na baada ya miezi harufu inarudi.

Hesabu yake ni fupi: joto la kiungo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.01 kikipitisha ampia 10 kinatoa wati 1, na hakuna atakayejua. Kikipitisha ampia 40 kinatoa wati 16, karibu sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyofungiwa ndani ya plastiki na kuachwa inawaka muda wote wa kupika. Mkondo umeongezeka mara nne, joto limeongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana taa hazilalamiki, ila hita na jiko hulalamika.

Ukinzani huo unatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye ngozi. Metali ikiguswa na hewa huota ngozi ya oksidi, na kila metali ina yake. Ya shaba ni nyembamba, ya kahawia, na skrubu ikikazwa vizuri huipasua. Lakini joto likishapita nyuzi 200 za Selsiasi hivi hunenepa, huwa nyeusi na kubanduka kama magamba. Ya alumini huota papo hapo, huioni kwa macho, haipitishi umeme, na ni ngumu ajabu: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ngozi yake hadi zipite 2,000. Nikeli na kromiamu huota ngozi inayoshika kama rangi iliyopikwa, ikaziba hewa isiendelee kula. Ukishajua ngozi, nusu ya maamuzi ya kazi hii umeyamaliza.

Alumini ikikutana na shaba

Kebo nyingi zinazotoka nguzoni ni za alumini, na sababu ni uzito na bei. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba, kwa hiyo inabidi inenepeshwe karibu mara 1.6, penye shaba ya milimita za mraba 10 utaweka alumini ya 16. Hata hivyo kebo hiyo nene ina nusu ya uzito wa ile ya shaba, na nguzo hazibebi mzigo bure. Sina ugomvi na alumini. Ugomvi wangu ni kuifunga kama shaba.

Sehemu iliyo kabla ya mita ni mali ya shirika la umeme na ina lakiri, hiyo usiiguse. Yanayofuata ni ya kebo zako mwenyewe: kutoka mita hadi nyumba ya nyuma, kwenda kisimani, kwenye mashine ya kusaga. Zima, funga swichi isiwashwe na mtu mwingine, kisha pima kuhakikisha hakuna umeme.

Menya ganda huku kisu umekilaza kama unayechonga penseli. Ukikizungusha kisu kimesimama unazichanja nyuzi, na alumini iliyochanjwa hukatika ikikunjwa mara mbili tatu. Chukua brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kusugua shaba, na kabla ya kuanza paka nyuzi grisi ya viungo vya alumini, ile yenye chembe za zinki. Sugua ndani ya grisi hiyo hiyo, ili ngozi inayotoka isipate hewa ya kuota tena. Ukisugua kwanza, ukaenda kunywa chai, ndipo upake grisi, umeifungia ngozi mpya humo ndani.

Kisha ingiza kwenye lagi ya metali mbili, yaani kichwa kinachobanwa kwenye ncha ya kebo: kikombe chake ni cha alumini na ulimi wenye tundu la bolti ni wa shaba, vimeunganishwa kiwandani. Bana kwa mashine yenye meno ya saizi iliyoandikwa kwenye lagi. Nyundo na plaizi havibani, vinabonyeza tu, na kati ya nyuzi hubaki nafasi ambamo unyevu utakaa. Kwenye bolti weka washa bapa pana, na juu yake washa ya springi yenye umbo la sahani. Ukishakaza, chora mstari mmoja kwa kalamu ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye ulimi wa lagi. Mstari ukivunjika siku moja, utajua nati imezunguka.

Washa ya springi si pambo. Mita moja ya alumini ikipanda nyuzi 100 hurefuka milimita 2.3, shaba 1.7, chuma 1.2. Bolti ya chuma inakataa kurefuka, alumini inataka kutanuka. Inajibana, inajitandaza pembeni, na ikipoa inaacha pengo. Jioni ya kesho tena hivyo hivyo. Wapo wanaotibu hili kwa kukaza upya kila mwezi, na wanaharibu zaidi, kwani kila ukikaza alumini hukimbia kidogo chini ya skrubu hadi nyuzi zinabaki kama karatasi. Ikilegea, kata kipande hicho, anza upya.

Halafu kuna chumvi. Tanga, Mombasa, Unguja na ukanda wote wa pwani hewa yenyewe ni maji ya chumvi, na shaba na alumini zikilowana pamoja huwa betri ndogo ambayo alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe. Ziba kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto ulio na gundi ndani, na ukiwa na hiari ya kupanga, weka alumini juu na shaba chini. Maji yanayodondoka kutoka kwenye shaba hubeba chumvi za shaba, na yakitua juu ya alumini huitoboa.

Kiungo kizuri au kibaya hakijulikani kwa kukitazama. Fundi mwenye uzoefu na vifaa vyenye ganda hukipima kikiwa na mzigo: multimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye ulimi wa lagi. Shaba ya 10 yenye urefu wa sentimita 10 ikipitisha ampia 40 hupoteza karibu milivolti 7. Kiungo kikisoma milivolti chache kama hizo, kiache. Kikisoma 400, hicho ndicho kile cha wati 16.

Shaba isiyo shaba

Siku hizi madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na unauzwa kama shaba tupu. Kinachouzwa hapo ni rangi. Ukikwangua ncha kwa kisu utaona weupe ndani, lakini mizani ni shahidi bora zaidi kuliko macho. Roli ya mita 100 ya waya wa milimita za mraba 2.5 ina shaba ya kilo 2.2 hivi, bado hujahesabu plastiki. Ya 1.5 ina kilo 1.3. Roli ya 2.5 yenye kilo 1.5 pamoja na ganda lake haiwezi kuwa shaba, haidhuru nini kimeandikwa kwenye karatasi. Inaudhi zaidi ukikumbuka kwamba shaba ya Kolwezi na Likasi kule Kongo, mabamba yaliyosafishwa hadi asilimia 99.99, hupita kwenye malori kuelekea bandari ya Dar es Salaam.

Penye moto, plastiki haina kazi

Shawa ya umeme ya wati 5,500 hunywa ampia 24. Huo ni mzigo wa jiko, umening'inizwa juu ya maji, na mara nyingi umeunganishwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu. Waya uwe wa 4 kwa mbio fupi, au wa 6 ukiwa mrefu au umepita kwenye bomba pamoja na nyingine. Breka yake iwe ya peke yake na iwe na kinga ya mkondo unaovuja, na waya wa ethi usiachwe ukining'inia. Kiungo kiwe cha kauri chenye moyo wa shaba ya njano, si kile kiunganishi cha plastiki cha kukata vipande. Plastiki ikipata joto hulainika, skrubu inapoteza pa kuegemea, kiungo kinalegea, joto linazidi. Ni duara.

Ncha za nyuzi usizipake risasi kabla ya kuzikaza, ingawa wengi walifundishwa hivyo. Risasi ya kulehemu ni laini, hujitandaza chini ya skrubu kama alumini, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Tumia kofia ya shaba ya kubana.

Kuhusu ganda la waya: PVC ya kawaida mwisho wake ni nyuzi 70. Ikipikwa hutoa tindikali inayogeuza shaba kuwa ya kijani, kwa hiyo ukikuta kijani ndani ya jiko usidhani ni unyevu. Ndani ya jiko, oveni au pasi weka waya wenye ganda la silikoni, unaostahimili nyuzi 180, na karibu kabisa na koili weka wa nyuzi za kioo. Vichwa vya kuchomeka viwe vya chuma kilichopakwa nikeli. Vile vya shaba iliyopakwa bati vinapendeza dukani, lakini bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Zile karatasi zinazong'aa kama kioo ndani ya pasi na tosta ni ulanga, madini ambayo zamani yalichimbwa hata kwenye milima ya Uluguru. Zikipasuka tafuta ulanga mwingine, usiweke kadibodi.

Koili

Hapa ngozi inageuka kuwa rafiki. Aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo Albert Marsh aliipatia hataza Marekani mwaka 1906, hudumu ikiwa nyekundu kwa sababu kromiamu huota ngozi isiyobanduka. Aloi ya pili ni ya chuma, kromiamu na alumini, iliyotoka kwa Hans von Kantzow nchini Uswidi, inayojulikana kwa jina la Kanthal. Ngozi yake ni ile ile oksidi ya alumini inayotusumbua kwenye viungo vya kebo. Huku ndiyo ngao, na huivusha hadi nyuzi 1,300 na zaidi, wakati nikeli na kromiamu huishia karibu 1,200. Kwa jiko la kupikia zote zinatosha. Kwa tanuri la kuchomea vyungu chukua ya chuma.

Kuzitofautisha ni kazi ya sumaku. Ikiwa baridi, ya chuma hunasa; ya nikeli asilimia 80 hainasi. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa ya chuma ikishawaka mara ya kwanza huwa kama tambi kavu: ukiinyoosha au kuikunja, inakatika. Nyoosha, pinda na panga kabla haijaonja moto.

Tuseme unataka koili ya wati 1,000 kwa volti 230. Ukinzani ni 230 mara 230 gawa kwa 1,000, yaani omu 53. Waya wa nikeli na kromiamu wa kipenyo cha milimita 0.5 una omu 5.55 kwa mita, kwa hiyo utahitaji mita 9.5. Wa 0.6 una omu 3.85, na utahitaji mita 13.7. Wati ni zile zile, lakini kwa 0.5 kila sentimita ya mraba ya uso wa waya inabeba wati 6.7, na kwa 0.6 inabeba 3.9. Huo wa pili utaishi muda mrefu zaidi, hata kama umelipia mita nne za ziada. Wauza koili za bei poa hupunguza hapo hapo.

Miguu ya koili, pale inapofika kwenye skrubu, irudishwe na kusokotwa iwe nyuzi mbili kwa sentimita 5 au zaidi. Mkondo ukigawanyika mara mbili, joto la kila uzi huwa robo, na skrubu inapumua.

Koili iliyokatika katikati usiifunge fundo. Fundo ni kiungo kibovu ndani ya moto, na kila ukilifunga koili inafupika: kutoka omu 53 hadi 47 jiko lako la wati 1,000 limeshakuwa la 1,125, waya ule ule, joto zaidi, na litakatika tena sentimita chache pembeni. Ukikuta imeliwa mahali pamoja tu na pembeni pana madoa meupe, ni mchuzi au maji ya chumvi yaliyomwagika. Chumvi huivunja ngozi. Futa kigae chake kwa maji safi, kikauke kabisa, ndipo uweke koili mpya.