Bendi ya dakiweivu bila mpiga ngoma? Sie tulianza na kabati la nguo

Mdogo wangu, umeuliza kama watu watatu wa Kikwajuni wenye bezi, kinanda na kompyuta, wasio na mpiga ngoma, wanaweza kujiita bendi ya dakiweivu, ule muziki wa kizakiza wa bezi na vinanda uliotoka Ulaya. Mnaweza, tena mna nafuu kuliko sie.

Sie tulianza Desemba 2009, umeme ulipokatika Unguja nzima usirudi mpaka Machi. Kinanda chetu kilikula mawe sita makubwa ya redio, na wakati ule kila mtu anayataka mawe kwa tochi. Tukaweka sharti: asiyejua sehemu yake asiguse kinanda. Bezi likapigwa bila amplifaya. Mpigaji aliegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo la mama yake, mbao zikavuma, akajisikia. Nyimbo nne za mwanzo zimetoka kabatini mle.

Hapo nikamwelewa Peter Hook, mpiga bezi wa bendi ya Kiingereza Joy Division. Alipanda kupiga nyuzi za juu kwa sababu amplifaya yake ilikuwa dhaifu na gitaa la mwenzake likimmeza. Kule juu ndiko alikojisikia. Leo watu wanaiita staili. Na suala la ngoma lisikutishe. The Sisters of Mercy, bendi iliyoanza Leeds, Uingereza, mwaka 1980, ngoma waliiachia mashine, wakaipa na jina: Doktor Avalanche. Mashine haidai nauli.

Tulipoharibu ni umeme uliporudi. Makoti meusi (kwa joto la Machi!), Kiingereza cha puani, kila kitu cha kuiga. Onyesho la kwanza lilikuwa hotelini, pwani ya kaskazini. Meneja akataka wimbo wa kukaribisha wageni, hatuna. Wimbo wa pili haujesha, spika zikazimwa. Malipo yetu wali na pweza. Pweza mzuri, sikatai.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa taarabu, jirani. Alisimama mlangoni mazoezini, akasikiliza, kisha akauliza, "Huyo mpigaji wenu hapumui?" Tukamwonesha mashine yetu ya ngoma. Akacheka, akenda zake, akarudi na fidla. Kinanda kilishika noti moja nzito, yeye akapita juu yake kwa hijazi, ile makamu ya Kiarabu ya taarabu, taratibu, akiburura uta. Mie nywele zilinisimama. Kizakiza tulichokuwa tukikitafuta kwenye kanda za Uingereza kilikuwa nyumba ya pili. Siku ile tukaanza kuimba Kiswahili.

Tulipiga mara sita tu, kisha mpiga kinanda akahamia Muscat. Ramadhani msipange onyesho. Fanyeni kurekodi, usiku, na madirisha mfunge. Nyuzi za bezi zipanguseni kila mkimaliza, chumvi ya hapa inazila. Kama amplifaya hamjapata bado, msingoje. Mama yake mpiga bezi bado yuko Kikwajuni, na kabati lipo.