Boma letu limeota nyasi, fedha ziko wapi?

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Nauza dagaa kwenye mwalo mmoja wa mkoa huu wa Mwanza. Mwaka 2021 kijiji chetu kilichanga, tukasomba mawe na mchanga, tukapandisha boma la zahanati mpaka kwenye lenta. Hadi leo halijapauliwa, mbuzi wanalala humo. Kila tukiuliza tunajibiwa, "Limo kwenye bajeti." Mbona Daraja la Kigongo–Busisi limekwisha, sisi tunashindwa bati?

*Muuza dagaa, mwambao wa Ziwa*

JIBU: Marahaba, mama. Nimekaa meza ya mipango halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu, na hilo jibu la "limo kwenye bajeti" nimelitoa mwenyewe mara nyingi. Nalijua lilivyo ndani.

Ombi lenu linatoka mkutano wa kijiji, linapita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, mkoa, TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri), hadi bungeni. Mwaka wa fedha ukianza Julai 1, halmashauri ina ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe inakuja baadaye, kwa mafungu, au haiji kabisa. Kwa hiyo safari nyingine uliza boma limewekwa kwenye chanzo gani: ruzuku ya Serikali Kuu, Mfuko wa Jimbo, au mapato ya ndani.

Kama ni mapato ya ndani, hapo wewe ni mtaalamu kuliko mimi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na mkusanya ushuru anashinda mwaloni na mashine yake akipiga soga. Mvua zikizidi, dagaa hawakauki, wanaozea mchangani. Mimi nilikuwa nakadiria ushuru wa mwaka mzima nikiwa ofisini, kana kwamba ziwa linasoma makadirio yangu! Kisha katika hicho kinachopatikana, asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Halafu kuna vikao, mafuta ya magari, madeni. Bati zenu ziko nyuma ya foleni hiyo.

Daraja lina njia yake. Kilomita 3, zaidi ya shilingi bilioni 700, fedha za Serikali Kuu kupitia TANROADS, wakala wa barabara, likafunguliwa Juni 2025. Ila usidhani ukubwa ndio uliolibeba. Mkandarasi wa kazi kama ile ana mkataba. Akimaliza hatua anapeleka hati ya malipo, na malipo yakichelewa anadai riba. Mhasibu yeyote akiwa na fedha kidogo na madai mawili mezani, analipa kwanza lile linalozaa riba. Ninyi mlichanga mawe, na mawe yenu hayazai riba. Sikulipenda jambo hilo nikiwa kazini, na silipendi sasa.

Halafu nikuulize na mimi: mlijenga kwa ramani ya nani? Kuna kijiji kilipandisha boma safi kabisa, tofali zimenyooka utasema zimepigwa rula. Fedha za umaliziaji zikaingia. Mhandisi akaja na futi yake, akapima mlango wa chumba cha kujifungulia, machela haipiti. Akakataa kusaini. Wazee wakakasirika, wakasema wake zao wamejifungua kwenye milango myembamba zaidi ya hiyo. Wakati wanabishana kuhusu kubomoa, Juni 30 ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa.

Kwa hiyo mwandikieni mkurugenzi, mumwombe mhandisi aje alikague boma sasa, kabla fedha haijatoka, na awaachie maandishi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ujao, mtendaji aeleze chanzo cha fedha za zahanati yenu na kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, na majibu yake yaingie kwenye muhtasari. Neno la mdomo afisa akihamishwa linahama naye.

Na hao mbuzi watoeni, wanakwangua kuta. Kabla ya masika pandeni juu mpige lipu nyembamba ya saruji kwenye kichwa cha ukuta. Maji yakishaingia kwenye tofali za kuchoma kwa misimu mitano, fundi wa kupaua ataanza kwa kuwadai ukuta mpya.