Maswali Yenu Kuhusu Bima: Alama za Udereva na Ada ya Gari

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Houston, Texas, na zamu yangu ni ya usiku. Mwaka jana niliweka kwenye simu programu ya kampuni yangu ya bima inayopima namna ninavyoendesha gari, kwa sababu niliahidiwa punguzo. Sijapata ajali wala kuandikiwa kosa lolote la barabarani, lakini alama zangu zilishuka, na nilipohuisha bima nikakuta ada imepanda. Je, mimi ni dereva mbaya?
Mama wa watoto wawili, Houston

JIBU: Dada, katika uliyoyaeleza hakuna hata moja linaloonyesha kwamba wewe ni dereva mbaya. Alama hizo ni makadirio ya kampuni kuhusu uwezekano wa wewe kuja kudai fidia, nayo hujengwa kwa mambo machache ambayo simu inaweza kuyahisi: kufunga breki ghafla, kuondoka kwa kasi, kukata kona kwa nguvu, kushika simu wakati gari linatembea, umbali unaoendesha, na saa unazokuwa barabarani. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililokuponza. Progressive, kampuni kubwa ya bima ya Marekani iliyoanza majaribio ya bima ya aina hii hukohuko Texas mwishoni mwa miaka ya 1990, huyahesabu masaa ya usiku wa manane kuwa ya hatari zaidi, na Tesla, kampuni ya magari ya umeme inayouza pia bima, ambayo tangu Oktoba 2021 inawatoza wateja wake wa Texas ada inayoweza kubadilika kila mwezi kwa kufuata alama, nayo imeingiza uendeshaji wa usiku katika hesabu yake.

Kampuni zina hoja, na ni haki niitaje: kwa kila maili inayoendeshwa, ajali zinazoua ni nyingi zaidi usiku kuliko mchana, kwa sababu ya giza, uchovu na pombe. Hata hivyo, mtu anayetoka kuwaogesha wazee saa tisa usiku huhesabiwa sawa na anayetoka baa saa hiyohiyo, kwa kuwa simu inajua saa tu na haijui umetoka kufanya nini. Mimi ninaliona jambo hili kuwa dhuluma kwa wafanyakazi wa zamu, ambao ndugu zetu wengi wamo miongoni mwao, na wala si lazima liwe hivyo. Katika jimbo la California, wapiga kura walipitisha mwaka 1988 sheria iitwayo Proposition 103, inayotaka ada itegemee kwanza rekodi ya udereva ya mtu, maili anazoendesha kwa mwaka na miaka yake ya uzoefu. Ndiyo maana huko hata Tesla haipangi ada kwa alama hizo.

Kuhusu breki, inafaa ujue mpaka ulipo. Progressive huhesabu kuwa breki ya ghafla pale kasi inaposhuka kwa maili 7 kwa saa au zaidi ndani ya sekunde moja, yaani takribani kilomita 11. Ukiwa kwenye barabara kuu kwa maili 60 kwa saa, gari lako linakwenda karibu mita 27 kila sekunde, na ili lisimame bila kuvuka mpaka huo linahitaji karibu sekunde 9 na zaidi ya mita 110. Anayefuata gari la mbele kwa karibu hawezi kuipata nafasi hiyo, hata awe na miguu mepesi namna gani, na hapo ninakiri kwamba alama zinasema kweli. Lakini mtoto akirukia barabarani, funga breki kwa nguvu zako zote, bila kuifikiria simu kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu nimewasikia madereva wakisema kwamba wanasita kukanyaga breki wasije wakapoteza alama, nami niliposikia hivyo niliogopa.

Sasa mwandikie wakala wako, kwa maandishi wala si kwa simu, umuulize mambo matatu: kama mpango huo unaweza kupandisha ada au unatoa punguzo tu, ni kipengele kipi kilichokushusha, na kama unaweza kujitoa. Kagua pia safari zilizoorodheshwa kwenye programu. Ikiwa siku nyingine hubebwa na mfanyakazi mwenzako, huenda simu imezihesabu safari zake kuwa zako, na programu nyingi hukuruhusu kurekebisha kwamba ulikuwa abiria. Kisha omba bei katika kampuni ambazo hazitumii alama, kwani zipo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi sikuweka programu yoyote wala kifaa chochote. Gari langu ni la karibuni na lina intaneti iliyotoka nayo kiwandani. Wakala wa bima ameniambia ada imepanda kwa sababu ya taarifa za uendeshaji wangu. Je, jambo hili linawezekana?
Baba, Louisville, Kentucky

JIBU: Marahaba. Linawezekana, na limewahi kuwapata wengi. Machi 2024 gazeti la New York Times lilifichua kwamba General Motors, kampuni ya Marekani inayotengeneza magari, ilikuwa ikikusanya mwenendo wa madereva kupitia huduma ya OnStar Smart Driver na kuupeleka kwa LexisNexis na Verisk, kampuni zinazoziuzia ripoti kampuni za bima. Dereva mmoja wa Chevrolet Bolt, gari la General Motors, ambaye ada yake ilipanda kwa asilimia 21, aliomba ripoti yake akapewa kurasa 258, na humo mlikuwa na safari 640 za miezi sita, zenye saa ya kuanza na kumaliza, umbali, na kila breki ya ghafla. Kitu kimoja hakikuwamo: mahali alipokuwa akiendesha. Kwa hiyo kampuni ya bima iliweza kuona kwamba dereva amefunga breki, bila kuona kama ni mbele ya shule au kwenye barabara tupu.

General Motors iliacha kupeleka taarifa hizo mwezi uleule, na Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitangaza mapatano ya kuizuia kampuni hiyo, kwa miaka mitano, isizipe kampuni za ripoti za wateja taarifa za mahali na mwenendo wa madereva. Wewe usingoje tume. Sheria ya ripoti za wateja ya mwaka 1970 inakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo kutoka LexisNexis na Verisk, na kupinga lililo la uongo, nao kwa kawaida wana siku 30 za kulichunguza. Na kama kampuni ya bima imekupandishia ada kwa kutegemea ripoti hiyo, inawajibika kukuarifu na kukutajia kampuni iliyoitoa. Idai taarifa hiyo kwa maandishi. Halafu ingia kwenye mipangilio ya gari na ya programu yake, uzime kila ruhusa ya kushirikisha taarifa za uendeshaji.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 19. Kampuni ya bima inataka gari lake lifungwe kisanduku cha kumpima anavyoendesha. Nikubali?
Mzazi, Leicester, Uingereza

JIBU: Kwa umri huo ningekubali, kwa sababu bila kisanduku atatozwa kwa kosa la kuwa kijana, ilhali kisanduku kinampa nafasi ya kuonyesha anavyoendesha yeye mwenyewe. Someni pamoja masharti kabla ya kutia saini, hasa mahali panapoeleza ni mara ngapi akizidisha mwendo kampuni itafuta bima yake, kwa maana baada ya hapo kila atakakoomba bima ataulizwa kama amewahi kufutiwa, na bei itakuwa kubwa. Pia ana haki kisheria ya kuomba nakala ya taarifa zake bila malipo, na kampuni hutakiwa kumjibu ndani ya mwezi mmoja; aiombe miezi mitatu baada ya kuanza, mapema kabla ya siku ya kuhuisha bima.