Kura yangu naipeleka Sabah, kwa Hassan Sani

Swali lenu la wiki hii, "winga gani wa zamani alistahili dunia imjue?", limenigusa pabaya aisee. Najua wengi mtamtaja Lunyamila, winga wetu wa Tanzania, sawa, sina ugomvi na mtu. Mi namleta Hassan Sani wa Malaysia, winga wa jimbo la Sabah na timu ya taifa yao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 hadi 80 mwanzoni, mashabiki wakimwita Lipas Kudung kwa zile mbio zake. Na nisiwadanganye, sijibu kuhusu ubora. Najibu nani alinyang'anywa.

Nilimjua nikiwa mwanafunzi Kuala Lumpur. Kule kuna migahawa ya chai wanaiita mamak, inakesha, unaagiza roti canai (chapati yao) na teh tarik (chai ya maziwa) unakaa hadi alfajiri hamna wa kukufukuza. Usiku mmoja kulikuwa na mechi kwenye tv, Malaysia wanafungwa, na mzee mmoja pembeni yangu, pakcik ndo wanavyowaita, akawa hataki hata kuangalia. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema "ah, nyinyi mlikwenda Moscow". Nikashangaa, Moscow gani tena?

Basi akaanza. Tarehe 6 Aprili 1980, uwanja wa Merdeka, Malaysia na Korea Kusini, fainali ya kufuzu Olimpiki ya Moscow, anayeshinda anaenda. Yule mzee akasogeza sahani ya kari katikati ya meza, hiyo ndo goli la Wakorea, kopo la maziwa likawa kipa, na vijiko vyangu mimi vikawa mabeki, yaani nilikuwa nakula na nikanyang'anywa kijiko. Golini kwa Malaysia alikuwepo Arumugam waliyemwita Spiderman, nahodha Soh Chin Ann, beki Santokh Singh, Mmalay na Mchina na Mhindi na Singasinga timu moja, hilo alilirudia mara nyingi na kila akilirudia anagonga meza. Ngoma 1-1, dakika zinayoyoma, watu wameshaanza kushika vichwa. Hassan anapata mpira, anakimbia nao (hapa glasi yangu ya chai ndo Hassan, na chai imejaa, nikawa naangalia suruali yangu tu), anamtolea James Wong, msabah mwenzake, Wong anaweka ndani. 2-1. Mzee akanyanyua mikono juu pale mgahawani saa saba usiku, watu wakageuka wakidhani Malaysia wamesawazisha kwenye tv. Alidai siku ile kule jukwaani alipoteza kandambili moja akarudi nyumbani na ya pili, na hakuitafuta.

Nikamuuliza, Moscow mlifika wapi? Akarudisha vijiko vyangu. "Hatukwenda."

Ndo hivyo wajameni. Wasovieti waliingia Afghanistan Desemba 1979, Marekani ikaitisha mgomo, Malaysia nayo ikagoma. Timu imefuzu uwanjani kihalali, nafasi ikapewa Iraq! Na Iraq kule wakapangwa na Yugoslavia, Finland na Costa Rica, wakafika robo fainali. Hebu fikiria Hassan anawakimbiza mabeki wa Costa Rica. Hii kitu iliniuma kama vile ni Taifa Stars. Malaysia mpira wa Olimpiki walishacheza mara moja tu, Munich 1972, na tangu hapo hawajarudi mpaka leo. Kwa hiyo kwa winga yule ilikuwa siku moja tu maishani, na watu wa ofisini wakaifuta kwa karatasi.

Nilipoanza kuandika nilitaka niishie hapo, niseme migomo yote ya michezo ni upuuzi, wanasiasa wanagombana anayelipa ni mchezaji. Shida ni kwamba sisi wenyewe mwaka 1976 tuligomea Montreal, kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu na bado wakaachwa washiriki. Mkimbiaji wetu Filbert Bayi ndo alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.2, akabaki nyumbani, na dhahabu akachukua John Walker wa hiyohiyo New Zealand. Na mimi ule mgomo najivunia, siwezi kusema vingine, baba yangu angenifufukia. Halafu 1980 Marekani wanamtuma Muhammad Ali mpaka Dar atushawishi tuingie kwenye mgomo wao, Mwalimu hata kumuona akakataa, na waandishi wakamuuliza nyie 76 mlikuwa wapi, Ali mwenyewe akaishiwa. Jirani zetu Kenya wakagoma, mkimbiaji wao Henry Rono akakosa Olimpiki ya pili mfululizo. Sisi tukaenda, Bayi na mkimbiaji mwenzake Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, na mpaka leo medali zetu za Olimpiki ni hizohizo.

Sasa nitasemaje mgomo wangu ni halali wa pakcik ni upuuzi? Wamalaysia nao waliona Waislamu wenzao wa Afghanistan wanavamiwa, huenda kuna aliyekaa nyumbani Kuala Lumpur akajivunia kama baba yangu. Sijui. Naona uchungu haujaisha ila hasira kwa serikali yao imepungua kidogo, kidogo tu. Na pia, tuseme ukweli, Munich walimpiga Marekani 3-0 lakini Morocco ikawachapa 6-0, kwa hiyo Moscow ingeweza pia kuwa aibu, na yule mzee asingekuwa na hadithi ya kunipotezea chai.

Kwa hiyo kura yangu Hassan Sani, ila iandikeni vizuri: winga aliyestahili kwenda. Kama mnataka aliye bora kwa maana ya krosi, chenga na magoli, mpeni Lunyamila wenu, kwa sababu huyu wa kwangu nimemuona akicheza akiwa glasi ya chai tu.