Jirani wametoka Honduras: maswali yenu na majibu yetu

Maswali haya yameulizwa na Waswahili wanaoishi Marekani, jirani na familia zilizotoka Honduras.

Watoto wangu wanawaita "Wameksiko", na wenyewe wananuna. Kosa liko wapi?

Ni sawa na Mkongo kuitwa Mnaijeria. Wahondurasi hujiita *catrachos*, jina lililotokana na Jenerali Florencio Xatruch, aliyeongoza askari wao dhidi ya William Walker, Mmarekani aliyejitwalia utawala kule Nicaragua, katika miaka ya 1850. Mtu mzima mwite Don au Doña pamoja na jina lake la kwanza, na umwambie *usted*, yaani "wewe" ya heshima. Ukiwapita wanakula, sema "provecho". Ni kama "karibu" yetu ya chakula ilivyogeuzwa: anayepita ndiye anayesema.

Nawasaidia fomu za shule. Mtoto ana majina manne na ukoo wake si wa mama yake!

Ndivyo inavyotakiwa. Chukua mfano wa Carlos Andrés López Mejía: mawili ya mwanzo ni yake, López ni ukoo wa baba, Mejía wa mama. Mama kwa kawaida hubaki na koo zake mbili hata akiolewa. Matatizo huanza karani anapoifanya López jina la kati na kumsajili mtoto kama Mejía. Kliniki nayo ikiandika López, kadi ya chanjo haipatikani kwenye faili la shule. Nakili pasipoti herufi kwa herufi, koo zote mbili ziingie kwenye nafasi ya ukoo, na msome karatasi iliyochapishwa kabla hamjaondoka dirishani. Angalieni na tarehe: kwao, kama kwetu, 4/9 ni Septemba; Marekani ni Aprili.

Na wakikwambia wanakwenda kwa *notario* kushughulikia makaratasi, wazuie kidogo. Honduras notario ni mwanasheria kamili. Marekani mwenye cheo kinachofanana na hicho hushuhudia saini tu, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Waulizie wakili mwenye leseni.

Nataka kuwapikia kitu cha kwao. Mimi Mwislamu.

Pika *baleada*, mkono uliozoea chapati hautashindwa. Unga wa ngano vikombe 4, chumvi kijiko cha chai kimoja, beking pauda kijiko cha chai kimoja, mafuta vijiko 5 vya chakula, maji vuguvugu kikombe 1 na robo. Kanda, kata madonge 10, yapake mafuta, yafunike dakika 30. Ukiharakisha hapa, kila ukisukuma donge linajirudi. Usikunje kutafuta matabaka. Hii si chapati ya kuchambuka. Choma kwenye chuma kilichopata moto, kama dakika moja kila upande. Ikikauka itapasuka ukiikunja.

Ndani paka maharage mekundu yaliyopondwa na kukaangwa na kitunguu, nyunyiza jibini kavu ya chumvi, ongeza *mantequilla*, kisha kunja nusu. Tahadhari: mantequilla ya Kihondurasi ni malai mazito yenye chumvi, si siagi. Wao wakikukaribisha, ulizia *manteca*, yaani mafuta yaliyokaangia maharage: huweza kuwa ya mimea au ya nguruwe. "¿Es de cerdo?" (ni ya nguruwe?) inatosha.

Jirani mmoja ni mweusi kama mimi na anapika samaki wa nazi. Ni Mwafrika?

Huenda ni Mgarifuna. Wazee wao ni mchanganyiko wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent, katika bahari ya Karibi. Waingereza waliwafukuza huko, wakashushwa Roatán, kisiwa cha Honduras, tarehe 12 Aprili 1797, siku wanayoiadhimisha hadi leo. Lugha yao ni ya ukoo wa Kiarawak, lugha za wenyeji wa Amerika, kwa hiyo usitegemee neno la Kibantu. Jikoni ndiko mtakakoelewana: *machuca* ni ndizi zilizochemshwa, zikatwangwa kwa kinu na mchi, zikaliwa na samaki wa tui. Mpelekee nazi mbili na umwombe akuonyeshe anavyotwanga.